Hedifoni za plana: ya kukaa juu ya sikio au ya kulizunguka, na uiendeshe kwa kifaa gani?

Ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega na umeamua kununua hedifoni za plana, huenda usipate duka la kuingia ukazivaa kwanza. Utaagiza mtandaoni, utamtuma jamaa anayerudi kutoka ng'ambo, au utanunua za mtumba kwa mtu anayezibadilisha. Ukishalipa, kurudisha ni kazi. Ndiyo maana maswali huwa yale yale: nichukue ndogo inayokaa juu ya sikio au kubwa inayolizunguka? Zitaniumiza? Simu yangu itaziweza, au lazima nitafute amplifaya?

Wengi huanza na hilo la amplifaya. Mimi nashauri uanze na sikio. Hedifoni inayokaa juu ya sikio isipoziba vizuri, besi huvuja, na hakuna amplifaya itakayoirudisha hata uinunue kwa bei ya pikipiki. Nimeona watu wakibadilisha amplifaya mara kadhaa wakitafuta besi ambayo ingepatikana kwa kusogeza kikombe kidogo mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu plana yenyewe. Hedifoni ya kawaida ina koili ndogo iliyogundishwa katikati ya koni, na koili hiyo ndiyo huisukuma koni yote. Kwenye plana, njia za umeme zimetandazwa juu ya utando mwembamba, na utando huo umewekwa mbele ya safu za sumaku au katikati yake. Umeme ukipita, karibu uso wote wa utando husukumwa kwa pamoja. Faida yake ni besi safi isiyokoroga sauti za kati. Gharama yake ni uzito wa sumaku, na mara nyingi njaa ya umeme. Teknolojia si ya juzi: Yamaha walitoa HP-1 mwaka 1976, umbo lake likichorwa na Mario Bellini wa Italia. Zinazokaa juu ya sikio bado ni chache sokoni, kwa sababu kuweka sumaku hizo zote ndani ya kikombe kidogo bila kumwelemea mvaaji ni kazi ngumu.

Nalinganisha tatu. Audeze Sine inakaa juu ya sikio na imefungwa nyuma, yaani kikombe hakina matundu ya kutoa sauti nje. Fostex T50RP mk3 kwa jina inazunguka sikio, ila kwa kweli iko katikati. HiFiMan HE400se inazunguka sikio kabisa na iko wazi nyuma. Nimeiweka hii ya tatu kwa sababu anayeulizia Sine karibu kila mara hujikuta anaitazama nayo pia.

Vigezo

Zote nazipima kwa mambo manne: inavyokaa na kuziba (pamoja na miwani, herini na nywele za kusuka); joto na uzito; inachotaka kwa umeme; na inamfaa nani. Sauti nitaigusa pale tu inapobadilishwa na mkao, kwa sababu ladha ya sauti ni ya mtu na masikio yake.

Joto nimelipa nafasi yake makusudi. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na mchana ni joto lenye unyevu. Nakuru iko karibu mita 1,850 na jioni unaweza kuhitaji sweta. Hedifoni ile ile inayokubembeleza Nakuru saa mbili usiku itakutoa jasho Kondele saa nane mchana.

Audeze Sine

*Inavyokaa.* Sine ilitoka mwaka 2016, umbo lake likibuniwa na Designworks, kitengo cha usanifu cha BMW. Mito yake ni midogo na inakaa moja kwa moja juu ya gegedu la sikio. Hapa ndipo penye kila kitu. Sikio lina mikunjo, na hakuna masikio mawili yanayofanana, hata ya mtu mmoja. Mto ukiacha mwanya hata mdogo karibu na ndewe, besi hupungua papo hapo na sauti inabaki nyembamba, ya juu juu.

Kuna jaribio rahisi ambalo nakuomba ulifanye kabla hujasema neno baya kuhusu hedifoni hii. Cheza wimbo wa benga wenye gitaa la besi linalosikika wazi. Weka vidole viwili juu ya kila kikombe, sukuma polepole, kwa upole, kisha achia. Kama besi imeongezeka sana uliposukuma, mkao wako hauzibi. Vuta mkanda chini kidogo, sogeza vikombe mbele kuelekea taya, halafu jaribu tena. Mkao sahihi ni ule ambao kusukuma hakubadilishi kitu cha maana. Nasisitiza polepole kwa sababu hedifoni iliyoziba ikikandamizwa ghafla, hewa iliyonaswa ndani inaweza kuukunja utando. Vivyo hivyo unapozivua: usizing'oe kwa nguvu, inua upande mmoja wa mto kwanza hewa iingie.

Mbano wake ni mkali zikiwa mpya, na lazima uwe hivyo kwa kiasi fulani kwa sababu mbano ndio unaoziba. Mwenye miwani ataumia zaidi: mto unalibana sikio dhidi ya mkono wa miwani, na baada ya muda unasikia kidonda pale nyuma. Miwani yenye mikono myembamba ya chuma husaidia, ya plastiki nene haisaidii. Herini za vishikizo zivue. Kwa upande mwingine, Sine ni rafiki wa nywele za kusuka kuliko hedifoni kubwa, maana unaweza kuzipitisha nywele nyuma ya sikio na mto ukabaki juu ya ngozi tupu. Anayevaa hijabu au kilemba kinachofunika masikio ajue kwamba kitambaa kati ya mto na sikio hupunguza besi na kufifisha sauti za juu. Haizuii kutumia, ila usihukumu sauti ukiwa umevaa hivyo.

Mbano ukizidi, ziache usiku kucha zimevalishwa vitabu vilivyobanana, upana wake ukizidi kichwa chako kidogo tu. Usiukunje mkanda kwa mikono.

*Joto na uzito.* Kwa plana ni nyepesi, kama gramu 230 bila kebo. Kichwa hakichoki. Kinachochoka ni sikio, na kwa sababu mito ni ya ngozi na vikombe vimefungwa, Kisumu mchana utahitaji kuzivua mara kwa mara. Futa jasho kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, la sivyo ngozi ya mto itakauka na kupasuka mapema.

*Umeme.* Ukinzani wake, yaani inavyoupinga umeme kupita, ni ohm 20, na unabaki karibu palepale kuanzia besi hadi sauti za juu, kama ilivyo desturi ya plana. Simu nyingi zitaitoa sauti ya kutosha. Shida ni kwamba ohm 20 zinataka mkondo mwingi: kwa volti 1 inavuta miliampia 50. Tundu dhaifu la simu huanza kukwaruza sauti pale ngoma nzito inapopigwa, ingawa kiwango cha sauti hakionekani kikubwa. Adapta nzuri ya USB-C, kile kifaa kidogo unachochomeka kwenye simu kisha hedifoni ndani yake, huondoa tatizo hilo.

Ukinunua ya mtumba, angalia kebo. Sine iliuzwa pia na kebo maalumu ya Lightning inayoitwa Cipher, yenye amplifaya yake ndani. Kwa mwenye iPhone ya zamani ni kitu safi sana. Kwa mwenye Android, au iPhone kuanzia 15 ya mwaka 2023 iliyohamia USB-C, haichomeki. Muulize muuzaji kama kebo ya kawaida ya milimita 3.5 ipo, na umwambie akuonyeshe ikicheza pande zote mbili.

*Inamfaa* msikilizaji anayehama: matatu, ofisi yenye watu, chumba cha pamoja. Haimfai anayevaa miwani siku nzima na anataka kukaa nazo kwa muda mrefu bila kuzivua.

Fostex T50RP mk3

*Inavyokaa.* Ukoo huu wa Fostex, kampuni ya Japani, unarudi nyuma hadi miaka ya 1970, na ni hedifoni ya kazi, ya studio. Mito inayokuja nayo ni ya kuzunguka sikio lakini haina kina, na uwazi wake ni mwembamba. Masikio ya wengi hugusa ndani, na ya wengine yanakaliwa nusu. Ndiyo maana nasema iko katikati. Habari njema ni kwamba mito hubadilishwa kwa dakika chache, na soko la mito minene ya kampuni nyingine ni kubwa. Habari ya kuzingatia ni kwamba mto mpya hubadilisha sauti, mara nyingine sana: mnene huweka utando mbali na sikio, wa ngozi huziba zaidi, wa kitambaa huachia besi itoke. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ujue kilichobadilisha sauti ni kipi.

Miwani inavumilika kuliko kwenye Sine. Nywele za kusuka zilizo nene hufungua mwanya chini ya sikio, nawe utazisikia kwenye besi. Rafiki yangu anayefanya miksi za kwaya hapa Kisumu huzifunga zake juu ya kichwa kabla ya kuanza kazi, na anasema tofauti anaisikia kwenye sauti ya nne, ile ya wanaume wa chini, kuliko kwenye ala.

*Joto na uzito.* Ni gramu 300 na kidogo. Uzito wenyewe si tatizo, ila mkanda wa juu hauna sponji ya maana, na utosi utakueleza. Kipande cha kitambaa laini kilichofungwa juu ya mkanda hutatua jambo hili kwa gharama ndogo. Vikombe vina matundu madogo ya kupumua, kwa hiyo joto ni afadhali kidogo kuliko vilivyofungwa kabisa.

*Umeme.* Ukinzani ni ohm 50, na usikivu wake, yaani sauti inayotoa kwa umeme kidogo, ni desibeli 92 kwa miliwati moja. Hiyo ni njaa. Simu itaitoa sauti, ila kwa rekodi zilizorekodiwa chini utajikuta umefika mwisho wa kidhibiti. Hii inataka amplifaya, au adapta yenye nguvu.

*Inamfaa* mtu wa studio na mtu anayependa kufungua, kubadilisha na kujifunza. Anayetaka kitu cha kutoa kwenye boksi na kuvaa basi, atasumbuka.

HiFiMan HE400se

*Inavyokaa.* Mto ni mpana, sikio linaingia lote, hakuna kinachobana gegedu. Mwenye miwani atashukuru. Kwa kuwa iko wazi nyuma, mkao haubadilishi besi kwa ukali ule wa Sine. Nywele za kusuka hazileti shida kubwa.

*Joto na uzito.* Uso wa mto ni wa kitambaa na hewa inapita, kwa hiyo kwa joto la Kisumu ndiyo inayovumilika kuliko zote. Lakini ni gramu 390, na shingo itajua. Tena uwazi una bei yake: feni, mvua ya mabati, majirani, vyote vinaingia, na muziki wako unatoka. Kwenye matatu haina kazi. Jambo jingine ambalo watu husahau ni vumbi la chuma. Sumaku zake zina nguvu na matundu yapo wazi, kwa hiyo usiziache karibu na sehemu wanayochomelea au kukata vyuma.

*Umeme.* Ohm 25 na desibeli 91 kwa miliwati moja. Ilipotoka bei yake ilikuwa dola 149, na hapo ndipo wengi hujisahau: hedifoni ni ya bei ya chini kwa plana, lakini inadai kama ya bei ya juu. Weka amplifaya kwenye hesabu yako kabla hujalipa.

*Inamfaa* mwenye chumba chake na utulivu wake.

Sasa tuje kwenye amplifaya

Hesabu si ngumu, na ukiielewa hutauziwa kitu usichokihitaji. Nguvu ni volti mara volti, ugawe kwa ohm. Chukua adapta ndogo ya USB-C ya Apple, inayotoa takriban volti 1 (toleo la Ulaya hutoa nusu yake). Kwa HE400se, volti 1 kwa ohm 25 ni miliwati 40. Miliwati 40 huongeza desibeli 16 juu ya zile 91, kwa hiyo kilele, yaani sauti inapofika juu kabisa, ni desibeli 107. Kwa T50RP, ohm 50 zinapata miliwati 20, ambazo huongeza 13 juu ya 92, jumla 105. Hivyo ni vilele, si wastani. Muziki mwingi wa kisasa wastani wake uko karibu na kilele, hivyo volti 1 inatosha kabisa. Rekodi za zamani za rumba na benga, au kwaya iliyorekodiwa kanisani kwa maikrofoni mbili, wastani wake uko chini sana ya kilele, na hapo ndipo utatamani zaidi.

Kumbuka pia kwamba adapta hiyo hiyo kwenye baadhi ya simu za Android hutoa nusu tu ya volti zake. Nusu ya volti ni desibeli 6 pungufu. Kama uliambiwa inatosha na kwako haitoshi, huenda sababu ni hiyo, si hedifoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo nguvu ya ziada unaitaka kwa ajili ya vilele visikwaruze. Isiwe ruhusa ya kupandisha sauti.

Simu au kompyuta pekee: inatosha Sine kwa usikilizaji wa kawaida. Kwa hizo nyingine mbili ni ya kuanzia tu, mpaka upate fedha.

Adapta ya USB-C: kwa wengi wetu hapa ndipo pa kusimama. Haina plagi ya ukutani, inakula chaji ya simu kidogo, na stima ikipotea muziki unaendelea. Zipo zenye nguvu mara mbili au zaidi ya ile ya Apple, na kwa T50RP ndizo ningetafuta.

Amplifaya ya mezani: inaipa HE400se na T50RP utulivu wanaoutaka. Kabla ya kununua, soma chini ya adapta yake ya umeme. Kenya tunatumia volti 240. Amplifaya nyingi zinazoletwa kutoka Marekani huja na adapta ya volti 120 tu, na ukiichomeka ukutani huku itaungua. Nyingine hutumia adapta inayotoa mkondo geu (AC) badala ya mkondo mnyoofu (DC), kwa hivyo adapta ya kawaida ya kwenye meza za Oginga Odinga Street haitaifaa hata kama tundu linaingia sawasawa. Zile zinazojiendesha kwa USB hazina usumbufu huu. Tena, ukisikia mngurumo wa chini kompyuta ikiwa kwenye chaji, chomoa chaja kwanza: mngurumo ukipotea, amplifaya yako ni nzima, kinachosumbua ni njia ya umeme.

Amplifaya za taa, zile zenye vali za kioo zinazowaka, zinavutia kwa macho, na kwa hedifoni hizi sizipendekezi kama hazina transfoma ya kutolea sauti. Chukua yenye ukinzani wa kutolea (ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la hedifoni) wa ohm 60: ukichomeka Sine ya ohm 20, robo tu ya volti ndiyo itakayoifikia hedifoni. Sauti haitaharibika ladha, kwa sababu ukinzani wa plana haupandi na kushuka, ila nguvu itaishia ndani ya amplifaya. Tundu la hedifoni la baadhi ya mikisa za kanisani na za studio ndogo lina hali kama hiyo. Jaribu kabla hujalaumu hedifoni.

Kulingana na hali yako

Unasafiri Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho kila wiki, huvai miwani: Sine na adapta ndogo. Ukivaa miwani na safari ndiyo hiyo hiyo, tafuta plana iliyofungwa inayozunguka sikio. Oppo PM-3 ya gramu 320, ohm 26 na desibeli 102 kwa miliwati ni ya kutafuta kwa mtumba, ingawa Oppo Digital walisimamisha utengenezaji mwaka 2018, hivyo vipuri ni shida.

Unakaa bweni Maseno au Egerton na wenzako chumbani: iliyofungwa tu. HE400se itawanyima usingizi.

Unarekodi na kufanya miksi: T50RP, mito minene, na adapta yenye nguvu. Usinunue amplifaya ya mezani mpaka mito itulie kwanza.

Una chumba chako, unasikiliza jioni, joto linakusumbua: HE400se na amplifaya ya USB. Kama uko Nakuru au Eldoret na baridi ndiyo jirani yako, hoja ya joto ina uzito mdogo, basi chagua kwa kelele za nyumba yako.

Masikio yako huuma haraka kwa kitu chochote kinachoyagusa: usinunue ya kukaa juu ya sikio, hata ukipewa kwa nusu bei. Mbano hulegea, lakini hautaisha.

Bado huna uhakika kama mtindo wa kukaa juu ya sikio unakufaa: azima Koss Porta Pro au nyingine yoyote ya aina hiyo, hata kama si plana. Vaa jioni nzima ukiwa na miwani yako, herini zako na nywele zako zilivyo. Sikio likikubali hapo, ndipo uanze kutafuta Sine.